Bima yangu ya afya na ngozi iliyobaki baada ya kupungua uzito

Bima ya afya niliyopewa na mwajiri wangu hapa Mbeya inastahili sifa kwa mahitaji ya kawaida. Kadi hupokelewa bila usumbufu, dawa za shinikizo la damu hazijawahi kunikosa, na wahudumu wa ofisi yao ya mkoa humsikiliza mtu hadi amalize. Kasoro yake ilijitokeza nilipoomba kibali cha upasuaji wa kuondoa ngozi iliyolegea baada ya kupungua sana uzito.

Watu wengi hudhani kwamba kilo zikishaondoka, shida imekwisha. Ngozi iliyovutika kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo mara nyingi hubaki ikining'inia tumboni na kufunika kinena. Chini ya kunjo hilo jasho halikauki, hata mwezi Julai ambapo watu wa Uyole, hapa Mbeya, hawavui makoti kwa baridi. Ngozi husuguana, fangasi huota, na michubuko hugeuka vidonda vinavyotoa harufu. Kila asubuhi mimi hupachika hapo kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi, na ikifika mchana hulazimika kukibadilisha chooni kazini.

Daktari alinieleza kwamba upo upasuaji wa kukata ngozi hiyo ili vidonda vikome, na upo mwingine unaokaza pia misuli ya tumbo na kurekebisha umbo. Kampuni nyingi za bima nchini Marekani hutofautisha hayo mawili: wa pili huuhesabu kuwa urembo, na wa kwanza huweza kuugharamia mgonjwa akileta picha, kumbukumbu za vidonda visivyopona kwa dawa kwa miezi kadhaa, na uthibitisho kwamba uzito wake umetulia. Ni masharti magumu, lakini mgonjwa anajua anadaiwa nini. Mkataba wangu una mstari mmoja tu unaoondoa upasuaji wa urembo, na barua ya kunikatalia iliunakili mstari huo bila kugusa hata neno moja la ripoti ya daktari.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba bima hiyohiyo imekuwa ikilipia krimu za fangasi, antibayotiki na gharama za kumwona daktari kwa ajili ya kunjo lilelile. Inakubali kwamba ni ugonjwa kila inapolipia dawa, kisha inauita urembo inapotakiwa kuondoa chanzo. Hata kwa hesabu za kibiashara sioni faida yake.

Anayetaka kujiunga aombe kwanza orodha ya huduma zisizogharamiwa, kwa sababu vipeperushi huorodhesha mafao tu. Kila kidonda kiandikwe kwenye faili la hospitali, pamoja na dawa iliyotolewa na matokeo yake. Krimu ya kununua duka la dawa haiachi ushahidi wowote. Ukikataliwa, dai jibu la maandishi, ukate rufaa ndani ya kampuni, na ikishindikana upeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake inatokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Uliza pia kuhusu nauli na malazi, kwani ukipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam safari peke yake ni mzigo.

Kwa familia yenye watoto na wazee wa kliniki za kila mwezi, ningeipendekeza bima hii. Aliyepungua sana uzito, au anayejiandaa kupungua, asisaini kabla kampuni haijamjibu kwa barua kuhusu ngozi.