Darubini ya kupigia picha sayari ukiwa Uganda: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Darubini yangu ya kwanza niliinunua Kampala kwa sababu boksi lilisema inakuza mara 525. Kioo chake kilikuwa cha milimita 114, na miguu yake myembamba kama ya kiti cha plastiki. Boda boda ikipita nje ya geti, Mshtarii ilitetemeka kwenye lenzi kwa sekunde kumi nzima. Baadaye ndipo nikajifunza hesabu yake: chukua upana wa kioo kwa milimita, zidisha kwa mbili, na hapo ndipo ukuzaji wenye faida unapoishia. Kwa 114 unapata 228, na usiku mwingi hewa haikubali hata hizo. Boksi likikutajia 525, lirudishe kwenye shelfu.

Sisi wa Ikweta tuna bahati moja kubwa: sayari hupita juu, ambako hewa ya kupenya ni kidogo. Tarehe 4 Oktoba 2026 Zohali itakuwa mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, na yapata saa sita na nusu usiku itapita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu wa Kampala. Wa London ataiona nyuzi 40 tu kutoka upeo wa macho. Halafu sayari hazijali taa za mji. Hata Masaka mwezi wa Novemba, mitego ya taa ya nsenene, wale panzi wa kuliwa, ikiwaka kama uwanja wa mpira, pete za Zohali utazipata.

Bahati hiyo hiyo inageuza ushauri mwingi wa Ulaya. Wao husifu stendi ya kiikweta, ile yenye uzito wa kusawazisha, ambayo mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zinaonekana kuizunguka. Kampala iko nyuzi 0.3 tu kaskazini. Mhimili unalala chali, uzito unagonga miguu ya tripodi, na Nyota ya Kaskazini unayotakiwa kuilenga iko kwenye upeo, nyuma ya migomba ya jirani. Stendi nyingi za aina hii hazishuki hadi hapo bila kusumbua. Pesa hiyo iweke kwenye upana wa kioo.

Nafasi ya kwanza: Dobson ya milimita 200. Hili ni bomba lenye kioo, limekaa kwenye sanduku la mbao linalozunguka. Halina mota ya kuifuata sayari, wala menyu. Nyingi zina urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi picha inapojikusanya, wa milimita 1200. Ukiweka lenzi ya Barlow ya mara mbili, ile inayorefusha fokasi, unapata 2400, na Mshtarii ikiwa karibu nasi inatoka na upana wa pikseli kama 180 kwenye kamera ndogo ya sayari. Watu huogopa kwamba bila mota haiwezekani kupiga picha. Inawezekana: unailenga sayari pembeni, unaachia mkono, nayo inakatiza fremu kwa muda wa nusu dakika hivi. Unasukuma tena, unarekodi tena. Usumbufu wa kweli ni pale sayari inapofika utosini kabisa, kwa sababu sanduku halijui lizunguke upande gani. Piga saa moja kabla au saa moja baada. Ya milimita 150 pia ni nzuri na inabebeka kwa urahisi zaidi.

Shida ni mzigo. Ni kitu cha zaidi ya kilo ishirini, dukani kwetu ni adimu, na usafirishaji unaweza kukuumiza kabla hata hujafika kwenye VAT ya asilimia 18. Uliza bei ya kufikishiwa mlangoni, usiulize bei ya darubini peke yake.

Nafasi ya pili: Maksutov, darubini ya bomba fupi yenye vioo na lenzi, ya milimita 127 na yenye mota. Hii ndiyo ninayotumia mwenyewe, kwa sababu bomba lake fupi liliingia kwenye sanduku la shangazi pamoja na nguo. Fokasi yake ni ndefu, 1500, kwa hiyo Barlow si lazima. Mbele imefungwa kwa kioo, na kwa sisi wa kando ya ziwa hilo ni jambo kubwa: wale wadudu wadogo wa Ziwa Victoria wakishuka jioni, wanaishia nje. Umande ndio adui wake. Tengeneza kofia ya godoro jembamba, uizungushe mbele.

Nafasi ya tatu: ya lenzi, milimita 70 au 80. Ni ya mwanafunzi, na siidharau. Mwezi utaupiga vizuri sana kwa simu, miezi minne mikubwa ya Mshtarii utaiona, pete utazitambua. Mikanda ya Mshtarii itakuwa mistari miwili, basi.

Nafasi ya nne: zile darubini za kisasa zinazoongozwa na simu. Zinapendeza, na kwa mawingu ya gesi na makundi ya nyota zina kazi nzuri. Kwa sayari, hapana. Seestar S50 ina lenzi ya milimita 50 na fokasi ya 250. Mshtarii inapata pikseli kama 19. Hiyo ni nukta yenye rangi.

Mwisho kabisa ni ile ya kwangu ya kwanza, na ndugu zake wote wenye bomba fupi, fokasi ya 1000 na miguu ya bati.

Kamera? Anza na simu na kishikio cha kuibana kwenye lenzi ya jicho. Ukiona umenogewa, nunua kamera ndogo ya sayari inayoingia mahali pa lenzi. Kamera kubwa ya harusi haikusaidii hapa. Unarekodi video ya dakika mbili, si zaidi ya tatu, maana Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa kumi na doa lake kubwa halitakusubiri. AutoStakkert, programu ya kompyuta ambayo ni bure, huchambua maelfu ya fremu na kuunganisha zile bora tu. Ukiona fremu moja moja zinachemka kama maji ya chai, usikate tamaa. Zote huwa hivyo.

Usilenge juu ya paa la mabati. Linatoa joto la mchana hadi usiku. Toa darubini nje dakika 45 mapema, uiweke kwenye nyasi badala ya saruji. Na mota usiitegemeze kwenye umeme wa ukutani: nyingi zinatumia volti 12, na betri ya sola ya nyumbani ukiipatia waya sahihi na fyuzi inazitosha hadi alfajiri.