Miezi 14 na geji ya joto la oili kwenye pikapu ya dizeli: uzoefu wangu

Kilichonifanya nitafute geji hii ni taa ya presha ya oili. Nilikuwa nimemaliza kupanda mlima mrefu, trela nyuma imejaa mbao, nikaegesha pembeni bila kuzima injini. Taa ikaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima, nikiachia inarudi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa katikati, palepale ulipo tangu ninunue gari. Nikachomoa kijiti cha oili: kiwango sawa, lakini oili ilikuwa inachuruzika kama maji.

Mshale ule siku hizi siuamini. Kwenye magari mengi ya kisasa umepangwa utulie katikati kwa makusudi, maji yawe na nyuzi 80 au 100, ili dereva asishtuke bure. Ukianza kusogea ujue mambo yameshaharibika. Halafu unapima maji peke yake. Oili ndiyo inayorushwa chini ya pistoni kuzipoza, ndiyo inayopita kwenye beringi za turbo, na mzigo ukiwa mkubwa hupata moto kupita maji. Oili ya 15W-40 (aina ya kawaida ya dizeli) ikifika nyuzi 130 uzito wake wa kutiririka, yaani mnato, unakuwa karibu nusu ya ule wa nyuzi 100. Oili ikiwa nyepesi hivyo, presha hushuka injini ikizunguka polepole. Taa yangu ilikuwa inasema hivyo, mimi nikadhani sensa imekufa.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato: kile kidude cha ELM327 cha kuchomeka chini ya usukani kusoma kompyuta ya gari, na simu yenye programu ya Torque ya kuonyesha namba. Joto la maji lilitokea vizuri. Mahali pa joto la oili palikuwa na vistari tu, kwa sababu injini yangu haina sensa hiyo. Jirani yangu ana pikapu mpya zaidi, kwake namba ikatoka, ila tulipoitazama kwa nusu saa tukaona inafuata maji kama kivuli: yakipanda inapanda, yakishuka inashuka sekunde ileile. Oili halisi haiendi hivyo. Ile ilikuwa hesabu ya kompyuta ya gari, hakuna kilichopimwa. Kama gari lako lina sensa ya kweli, ishia hapo, usinunue kingine. Utaitambua asubuhi: oili huchelewa sana nyuma ya maji.

Nilichonunua ni geji ya kidijitali yenye namba mbili kwenye kioo kimoja, oili juu na maji chini. Haina jina la maana. Ndani ya boksi kuna sensa mbili, sahani ya alumini inayokaa kati ya injini na filta ya oili, na kipande cha bomba cha kukatia kwenye mpira wa juu wa rejeta. Karatasi ya maelekezo ni aibu tupu: mchoro mmoja, na rangi za waya zilizochorwa si zilizomo kwenye boksi.

Kabla ya kufunga nilizipima sensa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kumbuka maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari tu. Kila mita 300 unazopanda toa kama nyuzi 1. Kwangu ni kama mita 1,200, kwa hiyo nilitarajia 96. Sensa ya oili ilisoma 95, ya maji 96. Sikuomba zaidi ya hapo.

Kwenye kufunga nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili ni ya watu wengi. La kwanza, nilizungushia meno ya kukazia ya sensa tepu nyeupe ya mabomba ili isivuje. Sensa hii ina waya mmoja, hasi yake inapita kwenye mwili wake wa chuma mpaka kwenye injini. Tepu ikazuia, geji ikasoma chini kwa nyuzi 15 hivi na namba zikawa zinarukaruka. Mantiki yake ni kwamba sensa za aina hii hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda, sasa ukiongeza ukinzani wa kugusana vibaya, geji inadhani kuna baridi. Yaani kosa linakudanganya upande wa hatari. La pili, kile kipande cha bomba la maji kinakaa katikati ya mipira miwili, hakigusi chuma popote. Bila kukivutia waya wake wa hasi hakisomi kitu. Maelekezo hayajataja.

Sahani yenyewe inashusha filta chini kwa karibu sentimita 3. Angalia kwanza kama itagusa fremu, na angalia mpira wake wa duara umekaa sawa kabla ya kukaza. Wangu ulivuja siku ya kwanza, matone mawili matatu, nikalegeza na kuupanga upya.

Sasa namba. Asubuhi maji husoma baridi kwa muda, kisha yanaruka ghafla kuelekea 80, maana sensa iko juu ya rejeta na haioni moto mpaka themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi, ifunguke. Nimezoea kuingoja hiyo, ni kama kusikia mlango unafunguliwa. Wakati huo oili iko 50 na kitu. Hunichukua dakika 20 au zaidi za kuendesha mpaka ivuke 85. Miaka yote nilikuwa naondoka na trela mara mshale ukisimama katikati, nikidhani injini imepata moto. Sasa sivuti mzigo kabla oili haijafika 70.

Gari likiwa tupu, tambarare, kasi ya 80: maji 88, oili 96. Nikivuta trela kwenye mlima ule: maji 94, oili 118, na siku moja ya jua kali 127. Mshale wa dashibodi haukutikisika hata siku hiyo. Nilishusha gia moja na kupunguza kasi. Watu husita kufanya hivyo kwa sababu injini inalia zaidi, lakini mzunguko ukiongezeka pampu ya maji inasukuma zaidi, feni inavuta zaidi, na kila mlipuko kwenye silinda unabeba kazi ndogo. Oili haikushuka papo hapo. Ilikaa palepale dakika kadhaa, kisha ikaanza kurudi nyuzi moja moja. Ukingoja king'ora kilie ndipo uchukue hatua, umeshachelewa kwa dakika hizo. Mimi nikiona 115 na mlima bado uko mbele, nashusha gia.

Usilinganishe namba zangu na za mwenzako bila kuuliza sensa yake iko wapi. Kwangu oili inapita kwanza kwenye kipoza, kile kidude cha sahani nyembamba kinachopitisha maji ya rejeta pembeni ya oili, ndipo inafika kwenye filta. Nasoma oili iliyokwisha kupozwa. Mwenye sensa kwenye bakuli la chini la oili ataona namba nyingine kabisa kwenye injini hiyohiyo.

Mwezi wa tisa ndipo geji ilipolipa. Nilianza kuona tambarare, gari tupu, oili 103. Wiki mbili baadaye 107. Maji yalikuwa yamepanda pia, 92. Nikafanya jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya, nikaosha rejeta. Kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta palikuwa na zulia la mbegu za majani na vumbi. Nilipuliza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu, nisikunje mapezi. Maji yakarudi 88. Oili ikabaki 107.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba namba ya kutazama ni tofauti kati ya hizo mbili. Rejeta ikiwa chafu, maji na oili hupanda pamoja. Maji yakiwa mazuri na oili peke yake ikibaki juu bila mzigo, joto linakwama kati ya oili na maji, na hapo katikati pana kipoza. Wamarekani wenye Ford za 6.0 Power Stroke za 2003 hadi 2007 wanalijua hili kwa machungu. Kipoza oili cha injini ile kina sifa ya kuziba, na kanuni yao ni kwamba tofauti ikizidi nyuzi 15 za Farenhaiti, yaani kama 8 za Selsiasi, gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia, kipoza kinaziba. Kanuni hiyo ni ya injini hiyo na mahali sensa zake zilipo. Mimi nilichukua wazo tu: yangu ilipokuwa nzima tofauti ilikuwa 8, sasa ilikuwa 19.

Fundi alisema geji ya kichina inadanganya. Sikumlaumu, nami niliwaza hivyo. Nikatoa sensa, nikairudisha kwenye sufuria: 95 kama mwanzo. Akafungua kipoza. Upande wa oili ulikuwa safi, upande wa maji umejaa tope la kahawia lililoganda kwenye njia nyembamba. Mwenye gari kabla yangu alichanganya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) za aina mbili au alikuwa akijaza maji ya bomba, sijui. Kipoza kile hakisafishiki kwa uhakika, tukaweka kipya, tukasukuma mfumo mzima kwa maji mpaka yakatoka meupe, tukajaza kulanti ya aina moja. Siku ya pili tambarare: maji 88, oili 97. Ile taa ya presha sijaiona tena.

Malalamiko yangu. Kioo ni kikali mno usiku. Lazima uunganishe waya wa kupunguza mwanga kwenye taa ndogo, na waya huo ndio uliokosewa rangi kwenye karatasi. King'ora ni kidogo, dirisha likiwa wazi husikii kitu. Unaweza kupanga kiwango cha kulia kwa nyuzi 5 tu kila hatua. Na kuna jambo moja ambalo si kosa la geji, lakini muuzaji angeliandika kwa herufi kubwa: maji yakivuja yakashuka chini ya sensa, sensa inabaki kwenye hewa na husoma chini, hivyo injini inaungua huku namba ikionekana nzuri. Kwa hiyo mimi maji yakishuka ghafla bila sababu naogopa kuliko yakipanda, nasimama.

Kama pikapu yako ni ya kwenda kazini na kurudi, tupu, barabara nzuri, sioni haja. Ukivuta trela, ukibeba mzigo milimani, au umenunua gari usilojua lilijazwa nini, ningefunga. Nyota nne. King'ora nimekitoa, nimeweka kibaza cha pikipiki iliyokufa.