Baindingi za reli au zisizosogea? Nimetumia zote mbili Minnesota

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto anayekua, au ndugu wanaokuja kuazima, nunua baindingi za reli, yaani vibano vya buti vinavyosogezwa kufuata saizi ya buti. Kama skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, ni zako peke yako na buti umeshazizoea, nunua zisizosogea, zile zinazotobolewa moja kwa moja kwenye ubao. Mwenye haraka aishie hapo. Ninaloongeza ni kwamba wauzaji wengi watakuvuta kwenye mazungumzo ya uzito na raha ya kuteleza, wachelewe kukuuliza la maana: ni miguu ya nani itakayoingia humo, na kwa misimu mingapi?

Kwa ambaye hajawahi kuzishika, baindingi ndizo zinazobana buti kwenye skii, kipande kimoja mbele kwenye vidole na kingine nyuma kwenye kisigino. Kazi ya pili, tena ndiyo kubwa, ni kuachia. Ukianguka vibaya skii ikajisokota, springi inatakiwa ifunguke kabla mfupa wa muundi haujavunjika. Goti ni habari nyingine. Baindingi za kawaida hazikuundwa hasa kwa ajili yake, na kano za goti huweza kuchanika hata kifaa kikiwa kimefanya kazi sawasawa.

Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Kilima chetu cha jioni ni Buck Hill, kule Burnsville, kando ya barabara kuu ya 35. Toka kileleni hadi chini hakifiki mita 100, lakini usikidharau: Lindsey Vonn, bingwa wa Olimpiki wa skii, alikulia hapo chini ya kocha Erich Sailer. Tukipata wikendi ndefu tunakwenda Lutsen, kando ya Ziwa Superior, ambako kuna mteremko unaostahili kuitwa mlima. Nayataja maeneo haya kwa sababu jibu langu lingeweza kuwa tofauti kama ningekuwa nashinda kwenye milima mirefu ya Alps au Colorado.

Jozi yangu ya reli niliinunua majira ya kuchipua, wakati maduka ya kukodisha yanapouza mitumba yake. Vipande vyote viwili vimekaa juu ya reli yenye meno na namba. Ubavuni mwa buti, karibu na kisigino, kumeandikwa urefu wa soli kwa milimita. Yangu ni saizi 24.5 na soli yake ni 285, basi nasogeza cha mbele hadi 285, cha nyuma hadi 285. Mdogo wangu akija kutoka Iowa na buti zake za 26.5, soli 305, tunasogeza tena. (Usikariri namba hizi. Saizi moja inaweza kuwa na soli tofauti kwa kampuni tofauti, kwa hiyo soma buti yako.)

Hapo ndipo reli inapojilipia gharama yake. Kwa kuwa vipande vyote viwili husogea, katikati ya buti inabaki pale pale kwenye alama iliyochorwa juu ya skii. Baindingi isiyosogea huwa na nafasi kidogo upande wa kisigino tu. Mbele ni skrubu na basi. Ukiingiza humo buti iliyozidi kwa milimita 20, katikati yake inarudi nyuma milimita 10, na anayeteleza ataona skii zimekuwa na kiburi kila anapotaka kupinda.

Lakini kusogeza urefu ni nusu ya kazi. Kila mtu ana namba yake ya kuachia, wanaiita DIN, inayosomwa kwenye jedwali kwa kufuata uzito, kimo, umri, urefu wa soli na namna anavyoteleza, kwa upole au kwa ukali. Aliyefika miaka 50 hushushwa daraja moja, na mtoto ambaye hajafika 10 vilevile. Mimi si Sabrina Simader, yule mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Springi ya mashindano inayofika 18 na kuendelea ningeinunua ya nini? Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tukipokezana skii, bisibisi inazungushwa kwenye kipande cha mbele na cha nyuma, kila mara. Kisha inatazamwa ile alama ndogo nyuma ya kisigino inayoonyesha kama buti inasukumwa kwa nguvu inayotakiwa. Alama ikiwa nje ya mistari yake, zile namba za reli hazikusaidii kitu. Duka la karibu nasi wanafanya yote haya kwa dakika chache na kupima kwa mashine, nami huwalipa bila kunung'unika. Wanaosogeza reli maegeshoni huku wageni wameshavaa buti na wana haraka ya kupanda lifti ya kwenda kileleni wananitia hofu.

Kasoro zake nazijua. Baindingi za reli huzidi zisizosogea kwa gramu mia kadhaa kwa jozi. Kwenye lifti huo si uzito, ila kutoka maegeshoni huku umebeba na za mtoto begani, utauhesabu. Zinakuinua juu zaidi ya ubao. Zangu zina mchezo kidogo kwenye kisigino, na theluji mbichi ikiganda ndani ya reli husogezi kitu mpaka iyeyuke.

Jozi ya pili nilinunua skii mpya, nikafungiwa baindingi isiyosogea ya kampuni ya Look, iitwayo Pivot, ile ambayo kisigino chake huzunguka kama sahani. Kazi ya kufunga ilinifurahisha kuitazama. Fundi aliweka kiolezo juu ya skii, akakibana kulingana na soli yangu, akatoboa. Skii imeandikwa 4.1 × 9, yaani unene wa keekee na kina cha tundu kwa milimita. Kina hicho kinaheshimiwa, maana ukizidisha unaweza kutokea upande wa chini. Akatia gundi kila tundu ili maji yasipenye kwenye mbao, akakaza skrubu.

Asubuhi ya Lutsen, theluji ikiwa imekaza na kuwa barafu, tofauti naisikia. Mguu uko karibu na ubao, skii inapinda kwa ulaini chini ya buti, na ukingo ukishika umeshika. Buck Hill, nikiwa nyuma ya foleni ya watoto wa shule, nisingeweza kuapa ninavaa zipi.

Bei ya raha hiyo ni kufungwa na buti yako. Pivot ina nafasi ya takriban milimita 20 tu kwa jumla. Ukinunua buti ambazo soli yake imetoka nje ya nafasi hiyo, matundu ya zamani yanazibwa, mapya yanatobolewa mbali kidogo, kama sentimita moja hivi, na unalipia ufundi upya. Mafundi hawapendi kuigeuza skii chujio, kwa hiyo nafasi za kurudia si nyingi.

Kuna aina ya tatu, skii zinazotoka kiwandani zikiwa na reli yake na baindingi yake. Hazitobolewi, husogea, na bei yake ni nzuri. Shida ni kwamba baindingi ya kampuni nyingine kwa kawaida haiingii humo.

Ukienda kwenye mitumba, angalia mambo mawili kabla ya rangi. Kwanza, buti nyingi za siku hizi zina soli ya mpira iliyopinda, alama yake ni GripWalk au GW, na baindingi ya zamani isiyo na alama hiyo haiipokei. Pili, hapa Marekani maduka hufuata orodha ya baindingi ambazo watengenezaji bado wanazibebea dhamana ya kisheria. Ya kwako isipokuwemo, fundi ataikataa hata ukimwongeza hela.

Skii za kijana wangu ni za hiyo aina ya tatu, na reli imemeza kila buti aliyobadilisha. Kilichofika kikomo ni springi. Baindingi yake ya kitoto huanzia 0.75 na kuishia 4.5, naye kwa uzito alioongeza amekaribia ukingoni. Kabla baridi haijarudi namtafutia yenye springi ya 7, nayo iwe ya reli, maana miguu yake bado haijaonyesha dalili ya kuacha kukua.