Stashahada au faundesheni: ipi ikufikishe kwenye shahada ya sheria?

Umemaliza kidato cha sita, Mbeya au Iringa, na masomo mawili makuu hayakufikia ufaulu unaotakiwa. Sheria bado unaitaka. Njia zinazozungumzwa zaidi ni mbili.

Stashahada ya sheria huchukua miaka miwili, na vyuo vyake viko kadhaa. Kile cha Lushoto, mkoani Tanga, ndicho kinachojulikana zaidi, ila ni mbali na nauli yake si mchezo. Faida yake ni kwamba unasoma sheria yenyewe: mikataba, jinai, ushahidi. Ukitoka unajua hati ya kiapo inaandikwaje, aya kwa aya, na nani aishuhudie. Hata mambo yakikwama hapo, una cheti cha kuombea ukarani mahakamani au kazi kwenye ofisi ya wakili. Kuendelea na shahada utahitaji GPA (wastani wa alama) ya 3.0.

Faundesheni, yaani kozi ya maandalizi ya kuingia shahada, ya Chuo Kikuu Huria ni fupi, takribani mwaka mmoja, na chuo kina vituo Mbeya na Iringa. Mwenye kibanda Mwanjelwa, Mbeya, anauza mchana, anasoma usiku. GPA inayotakiwa ni 3.0 vilevile. Lakini hakuna wa kukusukuma, na cheti chake peke yake hakikupi ajira.

Kwa maoni yangu, mwenye ada na muda achukue stashahada. Faundesheni iwe ya mtu mzima mwenye kipato na nidhamu. Kabla ya kulipa chochote, soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo, usitegemee maneno ya stendi.