Fremu za kuchapia fulana: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Fremu ya skrini, ile inayowambwa wavu wa kupitishia wino kwenye nguo, hainunuliwi kwa macho. Ingia duka lolote la vifaa vya uchapaji pale Nasser Road, Kampala, utazikuta zimeegemezwa ukutani, wavu mweupe umewambwa, na zote zinapendeza. Tofauti zake huziona baadaye, umeshachapa fulana ya sitini na rangi ya pili imeanza kuihama ya kwanza.

Mimi nachapia Arua. Vijana wanaoanza kazi hii huku West Nile huja kuniuliza wanunue fremu gani, na wengi wao huja wakiwa wameshanunua. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi ni pesa ya akiba ya miezi.

Jambo la kushika ni hili: unachonunua ni mkazo wa wavu, na kazi ya fremu ni kuushikilia mkazo huo usilegee. Wavu uliowambwa sawasawa hugusa nguo pale tu skwiji, ule mpira wenye mpini wa kusukumia wino, inapopita, kisha hunyanyuka wenyewe nyuma yake na kuuacha wino umetulia. Uliolegea hunata kwenye nguo, kingo za picha zinavimba, na kila ukisukuma skwiji wavu unavutika kidogo kuelekea upande unaosukumia. Kwenye kazi ya rangi moja mteja huenda asilione hilo. Kwenye rangi mbili ataliona akiwa bado mlangoni. Ndiyo maana nazipanga hivi.

Ya kwanza: alumini iliyochomelewa kona zote

Kama pesa inakutosha fremu mbili tu, nunua mbili za alumini. Ni nyepesi, hainywi maji, haipindi msimu ukibadilika, na wavu ukichanika unaubandua, unasafisha gundi, unawamba mwingine. Fremu yenyewe inabaki ile ile miaka na miaka.

Kipimo cha kuanzia ni inchi 20 kwa 24 kwa nje, karibu sentimita 51 kwa 61. Picha ya A4 inakaa humo kwa raha, A3 inaingia kwa kubana. Usijaribu kuokoa pesa kwa kuchukua fremu inayolingana na picha. Acha sentimita 10 hivi kila upande, kwa sababu wavu ulio karibu na ukingo ni mgumu, haunyumbuki, na skwiji inahitaji mahali pa kupumzikia wino.

Kuna alumini na alumini, lakini. Wako mafundi wanaokata vyuma vya madirisha, wanafunga kona kwa ripiti au skrubu, na kuviuza kama fremu za skrini. Kuta zake ni nyembamba. Wavu ukikazwa, pande ndefu zinavutwa ndani kama upinde, na pale katikati mkazo umekwisha. Chukua rula ndefu au uzi, ulaze kwenye ukingo wa ndani wa fremu iliyokwisha kuwambwa. Ukiona mwanya wa zaidi ya milimita 2 katikati, irudishe. Halafu ilaze juu ya kioo cha kaunta, ubonyeze kona moja moja. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, irudishe pia, na usikubali kuambiwa kwamba itanyooka ukianza kuitumia.

Ya pili: chuma cha mraba, kwa fundi unayemwamini

Wengi hawaifikirii hii, nami naiona ndiyo nafuu ya kweli kwa mtu wa mji mdogo. Katwe kule Kampala wanachomelea, hapa Arua wanachomelea, Lira na Mbale vilevile. Agiza bomba la mraba la milimita 40, geji 16. La milimita 25 ni jembamba mno kwa fremu ya kipimo hicho.

Simama pale fundi akifanya kazi. Akichomelea kona moja mpaka mwisho ndipo ahamie nyingine, joto litaipinda fremu. Mwambie kwa heshima ashike nukta kwanza kwenye kona zote nne, apime kona kwa kona, vipimo viwili vilingane, ndipo amalizie huku akihama upande huu na upande ule. Pasiachwe tundu hata dogo kwenye maungio: maji ya kuoshea yakiingia ndani ya bomba, yatakuja kuchuruzika na kutu yake juu ya fulana nyeupe ya mtu.

Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kote isipokuwa upande wa kubandikia wavu. Hapo pasuguliwe kwa msasa hadi chuma kiwe kikavu na chenye mikwaruzo, gundi ishike. Ukibandika juu ya rangi, thina itaila siku moja na wavu utabanduka katikati ya kazi. Ubaya wa chuma ni uzito. Ukichapa fulana mia kwa siku, bega litakukumbusha.

Ya tatu: mbao, ila ya msaji uliokauka

Hapa nina kisa changu mwenyewe. Mwaka mmoja nilinunua fremu sita za mbao Kampala, mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha karibu kila siku. Zilikuwa nzuri, zimepigwa vanishi, wavu unalia ukiugonga. Nikazipandisha basi la usiku hadi Arua. Januari, kiangazi chetu kikiwa kimeshika, upepo mkavu unapasua hata midomo, nikapata kazi ya fulana 200 za mashindano ya mpira ya vijana: kijani chini, maandishi ya njano juu yake.

Fulana za mwanzo zilitoka safi. Kufika ya sitini hivi, njano ilikuwa imesogea milimita 3, na chini ya kila herufi palionekana ufito wa kijani. Nikalegeza bawaba zinazoishika fremu mezani, nikapanga upya, ikakaa kwa fulana kumi, ikahama tena. Nilipoiweka fremu ya njano juu ya sakafu ya saruji, kona moja ilikuwa imenyanyuka kiasi cha kupitisha kidole. Ile mbao ilikatwa ikiwa na unyevu wa pwani ya ziwa, ikaja kukaukia kwangu, na ilipokuwa ikikauka ikajikunja. Fulana 70 mteja alizikataa, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo siwakatazi mbao. Nawaambia waangalie ni mbao gani na imekaukia wapi. Musizi ni laini, pini za stepla hulegea ndani yake. Paini huwa inauzwa ikiwa bado na maji. Mvule ni mzuri, lakini umekuwa adimu na ghali, na sioni sababu ya kuumaliza kwa fremu. Msaji ndio naupenda: haubadiliki sana kwa unyevu na una mafuta yake ya asili. Mafuta hayohayo huikataa gundi, kwa hiyo futa maungio kwa kitambaa chenye thina kabla ya kugundisha. Mkumbushe seremala, maana si wote wanaolijua hilo.

Kona ziwe za ulimi na tundu, au zilizokatwa nusu kwa nusu na kulazwa. Kona iliyokutanishwa tu na kupigwa misumari miwili, achana nayo. Kabla ya kuwamba, iache fremu wiki mbili tatu kwenye chumba kilekile utakachochapia, ndipo uipime kwenye kioo. Kisha vanishi tabaka mbili kila upande, hadi ndani ya maungio, kwa sababu maji huanzia pale pasipoonekana.

Ya nne: fremu za roli

Hizi zina mabomba yanayozungushwa kwa spana kukaza wavu, kwa hiyo unaweza kurudisha mkazo kila unapopungua, bila kugundisha upya. Kwa karakana kubwa yenye mashine ya kuzunguka na kazi za rangi nne au sita, ningeziweka juu kabisa. Kwa anayechapia mezani Ntinda au Koboko, pesa ya moja itamtosha kununua za kawaida kadhaa, na zinataka kipimo cha mkazo ili uzitumie inavyostahili. Zisubiri.

Ya mwisho: mbao mbichi ya misumari

Ile nyeupe, bado inanukia msitu, wavu umepigwa stepla mahali pengine karibu karibu, mahali pengine mbali mbali. Bei yake inavutia. Ukishainunulia wavu mara ya pili na ya tatu umeipita bei ya alumini, na bado huna fremu.

Za mitumba ningeziweka juu ya hii, tena mbali. Karakana zikibadilisha mashine huuza alumini za zamani zenye wavu uliochakaa. Alama za picha za zamani kwenye wavu zisikutishe, wavu utautoa hata hivyo. Pima unyoofu, angalia nyufa kwenye kona, ukubaliane bei kama ya chuma kitupu.

Wavu wenyewe

Wengi bado wanauita silki ingawa ni poliesta. Namba ndiyo inayowachanganya watu. 43T maana yake nyuzi 43 kwa kila sentimita. Wamarekani huhesabu kwa inchi, na wavu huohuo kwao ni 110. Muuzaji akikuambia ana 110 na wewe unataka 43T, mnaongea kitu kimoja. Huo ndio wa fulana za kawaida, na hasa wino mweupe juu ya nguo nyeusi. Kwa maandishi madogo na mistari myembamba chukua 77T, yaani kama 195. 120T ni wa karatasi na plastiki. Kwenye fulana utapitisha wino kiduchu. Wavu wa rangi ya njano hauutawanyi mwanga kama mweupe, kwa hiyo kingo zinatoka kali zaidi, ila ukishaupaka dawa ya picha, ile inayogandishwa na mwanga na kuziba wavu pasipotakiwa wino, utahitaji kuuanika kwenye mwanga muda mrefu zaidi.

Kumbuka pia, kila rangi ni fremu yake, na fremu za kazi moja ziwe ndugu: aina moja, kipimo kimoja, wavu mmoja, zimewambwa siku moja. Ukichanganya ya alumini na ya mbao kwenye picha moja, kila moja itavutika kwa mwendo wake.

Ukishafika nayo nyumbani

Wavu mpya hulegea kidogo saa za mwanzo baada ya kuwambwa, kwa hiyo usiutie dawa siku hiyohiyo. Uache hadi kesho. Uoshe kwa sabuni ya vyombo kidogo, isiyo na vilainishi vya mikono, usuuze mpaka maji yateleze bila kukatika katika. Maji yakikusanyika matone matone, bado kuna mafuta, na hapo ndipo dawa itakapobanduka. Paka dawa upande wa nguo kwanza, umalizie upande wa skwiji, kisha uilaze gizani upande wa nguo ukiwa chini.

Mezani, acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya wavu na nguo. Mimi hubandika sarafu kwa selotepu chini ya fremu, upande ulio mbali na bawaba.

Wakati wa kutoa dawa ya zamani, najua wengi hutumia jiki. Kwenye alumini usiiache ikae, kwani huila. Pita haraka, suuza kwa maji mengi, vaa glavu, na usiichanganye kamwe na tindikali ya kusafishia vyoo, hewa inayotoka ni sumu. Kama dukani pana unga maalumu wa kutolea dawa, nunua huo.

Fremu zisimamishe kama vitabu, mbali na bati. Chini ya bati la Arua saa nane mchana, gundi inalainika na wavu unaachia taratibu. Ubavuni mwa kila moja andika kwa maka namba ya wavu na tarehe uliyouwamba.