Uzoefu wangu: mradi wa programu niliutafuta mwaka mzima, kumbe ulikuwa mezani kwangu hapa Busia

Habari zenu wote. Mimi ni msaidizi wa rekodi kwenye kituo cha afya huku Busia upande wa Uganda, na huu mwaka wa pili najifunza kuandika programu usiku nikitoka kazini. Naona kila siku vijana wanauliza wapi watapata mradi wa kufanyia mazoezi, na wakikwama wamuulize nani, basi naandika zile njia nilizopita mimi mwenyewe, zilizonifaa na zilizonichosha, manake ningepata mtu wa kuniambia haya mapema ningeokoa bando nyingi sana na usiku mwingi.

Nilianzia freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza programu, na hiyo naipa nyota tano bila kufikiri. Ni bure tangu Quincy Larson alipoianzisha 2014, hamna siku wanakwambia sasa lipia ndo uendelee, halafu masomo mengi ni ya maandishi na mazoezi, sio video, kwa hiyo bando ya elfu moja inakusogeza mbali. Kwetu hilo sio jambo dogo, tangu Julai 2021 kila bando tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Nikamaliza HTML na CSS za kutengeneza kurasa za wavuti, nikaingia lugha ya JavaScript, nikapata cheti nikafurahi. Shida ikaanza kesho yake. Nafungua laptopu, faili iko tupu, sijui niandike nini. Nikatafuta zile orodha za miradi mia kwa wanaoanza, ziko kila mahali na zote zinafanana, kikokotoo, hali ya hewa, orodha ya kazi za leo. Kikokotoo nilitengeneza, nikakaa nacho siku mbili nikakiacha, cha hali ya hewa sikumaliza kabisa. Sio uvivu. Hakuna mtu aliyekuwa anakisubiri, basi usingizi ukija unashinda.

Mradi wa kwanza uliokaa hai ulitoka kwa mama. Mama yuko kwenye kikundi cha akiba na wenzake wa sokoni, wana lile sanduku la chuma la kufuli tatu, kila funguo iko kwa mtu tofauti, na daftari moja la hisa, mikopo na faini. Mwisho wa mzunguko wakigawana pesa wanakaa na kikokotoo cha simu kutoka asubuhi mpaka jioni, na lazima mtu mmoja aondoke amenuna. Nikasema hiki nitakiandika. Hapo ndo nilijifunza vitu ambavyo kozi haikuwahi kuniuliza, yaani akina mama wale waliniuliza maswali magumu kuliko mtihani wowote: mtu akichelewa faini inaenda wapi, mtu akifariki katikati ya mzunguko hisa zake anachukua nani, mkopo uliolipwa nusu unahesabiwaje siku ya kugawana. Ukipata watu wa namna hii wanaokudai majibu kila Jumapili, mradi umepata, huna haja ya orodha ya mtu.

Sasa hapo ndo nikakwama vibaya. Hisa ya shilingi 5,000 nikijumlisha na faini ya 2,000 programu inaniletea 50002000, milioni hamsini na elfu mbili, na mama amekaa pembeni yangu anaangalia. Nikapiga picha kioo cha laptopu kwa simu, nikatuma kwenye grupu moja la WhatsApp la wanaojifunza, nikaandika "msaada jamani kodi yangu haifanyi kazi", kodi yaani ile mistari ya programu. Grupu la watu mamia, aliyejibu ni mmoja, akasema njoo inbox, nikaenda, akaniambia nitume elfu hamsini kwa mobile money kwanza. Sikutuma. Nikaenda kwenye mtandao mmoja mkubwa wa maswali ya programu, nikabandika mistari yangu yote karibu 300, na ndani ya dakika chache swali limefungwa, wameandika limeshaulizwa, na alama za kushusha tatu. Niliumia jamani, nakumbuka nilifunga laptopu nikalala na nguo.

Lakini kesho nilirudi nikasoma lile swali la zamani walilonielekeza, na jibu lilikuwa pale pale. Chochote unachokitoa kwenye kisanduku cha fomu JavaScript inakipokea kama maandishi hata kama ni tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi inayaunganisha, haijumlishi. Unaizungushia Number() inayogeuza maandishi kuwa namba, imekwisha. Waliofunga swali walikuwa na haki, ila hakuna aliyenieleza kwa nini, na kwa mtu anayeanza ile njia ya kufunga bila neno inafukuza watu wengi, hilo nalisema na narudia. Mwenye uzoefu akiandika sentensi moja tu ya "soma hapa, tatizo lako ni hili" inatosha kabisa.

Kilichonibadilisha ni kujifunza kuuliza. Sa hivi kabla sijauliza popote nafungua faili mpya, nahamisha tatizo peke yake, nakata kila kitu kisichohusika mpaka inabaki mistari sita au saba ambayo mtu mwingine anaweza kuinakili akaiendesha kwake akaona kosa lile lile. Halafu naandika nilitegemea nini, nimepata nini, ujumbe wa kosa neno kwa neno, na nimeshajaribu nini. Kodi inaenda kama maandishi, sio picha, manake picha mtu hawezi kuinakili na haitafutiki. Mara nyingi nikifika mstari wa kumi nikiwa nakata naliona kosa mwenyewe na swali silitumi tena. Na yale ninayotuma yanajibiwa, hata usiku, watu wa nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga.

Kiingereza kilinitisha mwanzoni. Ninachofanya ni kuandika swali kwa Kiswahili kwanza, kwenye daftari, nikishajielewa ndo naligeuza kwa sentensi fupi fupi. Kuna magrupu ya Telegram ya Kiswahili, Watanzania na Wakenya wengi, pale unajibiwa kwa upole na unaelewa haraka, tatizo ni kwamba jibu linapotea juu baada ya siku mbili na mwenye shida ile ile kesho hawezi kulipata. Facebook siipendekezi kwa walio Uganda, imefungwa huku tangu Januari 2021, uingie kwa VPN ndo uulize swali, bando imeisha.

Exercism nayo, tovuti ya mazoezi ya programu, msiipite. Unashusha zoezi dogo kwenye laptopu, unaliandika hata umeme wa nyumbani umekatika na intaneti hamna, ukipata mtandao unalituma, halafu mtu anayejitolea anasoma kodi yako mstari kwa mstari na kukuandikia. Lugha zaidi ya 70 na hailipiwi. Menta mmoja alinionyesha kitanzi changu (loop, kodi inayojirudia) cha mistari kumi na mbili kinaweza kuwa mistari miwili na bado kikasomeka, na hakuniandikia jibu, aliniuliza maswali mpaka nikafika. Kusubiri menta kunaweza kuchukua siku, ukiwa na haraka haikufai.

Sasa hiyo ya mezani. Kituoni kwetu wateja wa kliniki ya ART, ya dawa za HIV, tunawaingiza kwenye UgandaEMR, mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, mimi nakaa nayo kuanzia saa mbili asubuhi. Siku moja walikuja watu wa IT kutufundisha toleo jipya, nikamuuliza mmoja wao hii kitu imeandikwa kwa lugha gani, akanijibu kama jambo la kawaida tu, chini yake ni OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, umeandikwa kwa Java na React, kodi yote iko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, unaweza kuisoma hata leo. Banange, nilinyamaza. Mwaka mzima natafuta mradi kwenye orodha za watu na mradi niko nao nimeukalia. Halafu nikasoma historia ya OpenMRS, kumbe wazo lilianza 2004 kwa sababu ya rekodi za wagonjwa wa HIV kule Eldoret, hapo ng'ambo Kenya, masaa machache kwa gari la matatu kutoka mpakani kwetu.

Jamii ya OpenMRS naipa nyota tano na nitaeleza kwa nini. Wana jukwaa lao linaitwa Talk, unajitambulisha, unasema unajua nini, hakuna anayekucheka. Wana ngazi za waandishi wa programu, unaanzia /dev/null kisha unapanda /dev/1 mpaka /dev/5, kwa hiyo unajua uko wapi na hatua inayofuata ni ipi. Kazi ndogo za wanaoanza zimewekewa alama. Kilichonifurahisha zaidi kwa mtu wa bando kama mimi ni kwamba huhitaji kuweka mfumo mzima kwenye laptopu yako. Unaendesha kipande kimoja tu cha kiolesura, yaani kile kinachoonekana kwenye skrini, na data inatoka kwenye serva yao ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni, unaingia kwa admin na Admin123 kama kila mtu. Na ukishusha kodi weka --depth 1 baada ya maneno git clone, unapata hali ya sasa bila historia ya miaka yote, niliona tofauti kubwa sana. Vifurushi vya kodi za wengine vinavyoshushwa na programu ya yarn ndo vizito, hivyo nilienda kuvishusha kwa rafiki mwenye waifai Tororo.

Tiketi yangu ya kwanza, yaani kazi niliyoichukua, ilikuwa kuandika testi, kodi ya kuhakiki, ya kipengele kidogo cha fomu. Mistari kama 40. Nilikaa nayo wiki mbili. Nilipotuma PR, yaani ombi la kuingiza kodi yangu kwenye mradi, nilirudishiwa komenti saba, na nikaogopa kuzifungua mpaka jioni, lakini zote zilikuwa za kunijenga: jina la testi liseme mtumiaji anaona nini, tafuta kitufe kwa jina lake kama anavyokitafuta mtu na sio kwa darasa la CSS, kichwa cha PR kianze na aina ya kazi na namba ya tiketi. Nikarekebisha. Ikaingizwa. Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la kadi asubuhi ile simu ikatetema na nikasoma neno "merged", nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe kidogo. Nimewaambia sista wa zamu na mama tu.

GitHub kwa ujumla ni nzuri kwa kutafuta, unaandika lebo ya "good first issue" unachuja kwa lugha unayoijua. Ila tazama tarehe. Mradi ambao kodi yake haijaguswa miaka mitatu hautakujibu hata ukituma kitu kizuri vipi. Tazama kama kuna mtu ameshaiomba kazi ile. Kuna mradi mmoja nilituma marekebisho bila kuuliza, nikasubiri miezi miwili, siku ya kujibiwa naambiwa ilishafanywa na mwingine. Sasa naomba kwanza kwenye komenti, nikipewa ndo naanza. Oktoba kuna Hacktoberfest, kampeni ya kuchangia miradi ya kodi wazi, 2020 watu walituma takataka nyingi mno wakitafuta fulana mpaka sheria zikabadilishwa ziruhusiwe zile hazina za kodi (repository) zilizokubali tu, kwa hiyo wasimamizi wengine mwezi ule wana hasira, muwaelewe. Na wanaotafuta kipato waangalie Outreachy, mafunzo ya kazi ya mtandaoni yenye posho, inafungua mara mbili kwa mwaka, posho dola 7,000, na lazima uwe umechangia mradi wakati wa maombi ndo uchaguliwe, kwa hiyo haya mazoezi hayapotei. Kwa ambaye kodi bado ngumu, Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za watu, inapokea sauti za Kiswahili na za Luganda, simu yako na dakika kumi.

Kuhusu kuuliza roboti za AI, natumia, zinasaidia kueleza ujumbe wa kosa kwa lugha rahisi. Lakini moja ilinipa fanksheni ambayo haipo kabisa kwenye laibrari ile, nikahangaika usiku mzima naitafuta. Mtu wa kwenye jukwaa angeniambia "hiyo haipo".

Na jambo hili wenzangu wa afya nawaomba mlisikie vizuri. Msibandike skrinshoti ya mfumo wa kituo kwenye grupu lolote, hata grupu la watu kumi. Kuna siku nilikuwa nimeshaambatisha picha nimebakiza kubonyeza kutuma, nikaona juu kwenye kona jina la mteja na namba yake ya kliniki. Mwili wote ulipoa. Mji wetu ni mdogo, watu wanajuana mpaka kwa bibi zao, na jina kwenye orodha ile likitoka halirudi. Tumieni wale wagonjwa wa kubuni wa serva ya majaribio, kosa litaonekana vile vile, na kama halionekani kule basi mwambieni msimamizi wa mfumo wenu, sio mtandao.

Programu ya kikundi cha mama imemaliza mzunguko mmoja. Walihesabu na daftari pia, sambamba, nilitaka wafanye hivyo, na hesabu zikalingana isipokuwa shilingi 500 ambazo zilikuwa kosa la daftari. Sa hivi wameniletea jambo jipya, mwenyekiti hasomi, anataka programu imtajie kiasi kwa sauti kwa Kiswahili. Sijajua nitafanyaje. Nimeshakata tatizo likabaki mistari nane, usiku huu naliandika kwenye daftari kwanza, kesho nikitoka shifti nalituma.