Soriasisi: tyubu ya sokoni, mafuta ya lami na vidonge vya Jumapili

Ninashona nguo Kisenyi, Kampala. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, ilinianza viwikoni na magotini, ikapanda kichwani, na nikiinama kwenye cherehani magamba meupe yanadondoka juu ya suti nyeusi ya mteja. Wengi walidhani ni choa. Haiambukizi, lakini utamweleza nani aliye na haraka ya harusi?

Dawa ya kwanza nilijinunulia: tyubu ya klobetasoli, krimu kali ya steroidi, hiyohiyo ambayo wengine hujipaka usoni wapate weupe. Siku kumi tu, ngozi safi! Nikaiacha ghafla. Mabaka yakarudi mekundu kuliko awali, na kwenye mkunjo wa mkono ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya pateni ya kukatia nguo. Sisemi haifanyi kazi. Daktari naye huiandika, ila kwa wiki chache, na huiachi kwa mkupuo.

Nikahamia mafuta ya lami ya makaa ya mawe yenye asidi ya salisiliki, inayolainisha magamba. Kichwani yalinifaa sana. Lakini harufu! Mke wangu alisema amelala na barabara mpya. Yanatia madoa pia. Kanzu moja nyeupe niliilipa mfukoni mwangu.

Kliniki ya ngozi ya Mulago ndiko nilikopimwa VVU kwanza, kwa sababu soriasisi kali wakati mwingine huandamana navyo, kisha nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Vidonge hivi ni mara moja kwa wiki, na asidi ya foliki, aina ya vitamini, siku nyingine. Damu na ini hupimwa kila baada ya muda. Waragi, pombe yetu kali, nimeiaga. Mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta havigusi kabisa.

Sasa sikilizeni: duka moja la dawa liliniandikia kwenye bahasha "kila siku". Ningetii, pengine leo ningekuwa kaburini, maana dozi hiyo huua. Nimechagua Jumapili, siku cherehani imefunikwa, kwa kuwa kichefuchefu hunishika hadi jioni.

Nafuu niliiona mwezi wa tatu, si kabla. Tiba ya mwanga wa UVB, aina ya miale ya urujuanimno, nayo niliambiwa, ila kwenda mara tatu kwa wiki fundi wa kujitegemea hawezi. Sindano za kisasa, bei yake niliisikia nikacheka.

Vaselini ya kawaida, ikipakwa mwili ungali na unyevu wa kuoga, imenipunguzia mwasho kuliko nilivyotarajia. Kiwiko cha kushoto bado kina baka. Suti nyeusi nazipokea tena.